Mlezi Asiyetajwa Jina

Ndugu zangu walimu, katika somo la uundaji wa maneno huwa tunawaeleza wanafunzi kwamba kitenzi zaa hutupatia nomino mzazi, na kitenzi lea hutupatia nomino mlezi. Maelezo hayo huchukua dakika chache tu, kisha tunaendelea na mifano mingine. Lakini kila ninapoyaandika maneno hayo mawili ubaoni hapa Arua, hunijia swali ambalo halimo katika muhtasari wa masomo. Mzazi huheshimiwa kwa kuwa amezaa. Je, mlezi anayempokea mtoto aliyekataliwa na wazazi wake, na kukataliwa na jamii nzima, anastahili heshima gani? Na iwapo heshima hiyo ikitangazwa itamletea madhara, tumheshimu kwa njia ipi?

Nitalijadili swali hili kwa kuwaangalia vijana ambao wengi wetu hatupendi kuwataja. Nakusudia wale ambao mioyo yao huvutwa na watu wa jinsia yao, na wale ambao nafsi zao hazipatani na jinsia waliyohesabiwa nayo tangu kuzaliwa. Wapo Arua na wapo Koboko, kama walivyopo Kampala, Mombasa na penginepo duniani. Mwalimu aliyefundisha miaka mingi hawezi kusema kwa haki kwamba hajapata kuwa na hata mmoja darasani mwake. Anachoweza kusema ni kwamba hakumjua. Na aghalabu hakumjua kwa sababu kijana mwenyewe alijificha.

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha katika shule moja ya sekondari, ambayo si lazima niitaje. Mvulana mmoja wa kidato cha nne alizushiwa habari za namna hiyo. Hakuna aliyemshuhudia akitenda kosa lolote. Palikuwa na barua tu, aliyoiandika yeye na ikasomwa na wasioandikiwa. Barua hiyo ilipita mkono hadi mkono katika chumba cha walimu. Baadhi yetu walicheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikusema neno. Siku ya tatu alifukuzwa shuleni, na jioni ile ile baba yake akamfungia mlango.

Baada ya majuma mawili nilimwona kando ya barabara iendayo Koboko, akiosha vyombo katika kibanda cha mama mmoja auzaye chai na chapati. Mama yule alikuwa amempa mkeka, chakula na kazi. Baadaye alimtafutia shule nyingine, mbali kidogo, akalipa ada kwa mafungu, na kijana akaufanya mtihani wake. Nilimuuliza, "Mama, hukuogopa maneno ya watu?" Akanijibu kwa Kiswahili alichojifunza utotoni ng'ambo ya mpaka: "Mwalimu, niliogopa. Lakini mwaka wa themanini tulipokimbilia Zaire, mama mmoja wa kule alitufungulia nyumba yake. Hakutuuliza tumekosa nini. Wewe ulitaka mimi nimuulize huyu?" Akaongeza kwamba mambo ya kijana yule hayaelewi, na kwamba kanisani kwake yanahesabiwa kuwa dhambi. "Lakini njaa yake naielewa," akasema, akaendelea kukanda unga.

Msomaji asiye wa huku huenda asitambue uzito wa jawabu lile. Serikali ya Idi Amin ilipoangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile walibebeshwa lawama za mtu mmoja kwa sababu tu alihesabiwa kuwa wa kwao. Majeshi yalipolipiza kisasi mwaka 1980, raia waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliotafuta hifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa humo humo walimojificha. Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliozaliwa ukimbizini. Leo mambo yamegeuka. Wilaya zetu ndizo zinazowapokea wakimbizi wa Sudan Kusini na wa Kongo, katika makazi ya Rhino Camp, ya Imvepi, na ya Lobule kule Koboko. Tunajivunia ukarimu huo, na tuna haki ya kujivunia. Ukarimu, hata hivyo, una kanuni yake, nayo ni kwamba aliyekimbizwa hupewa kwanza mahali pa kulala, ndipo aulizwe habari zake. Mama yule hakubuni kanuni mpya. Aliitumia ile ya zamani kwa mtu ambaye sisi wengine tulikuwa tumemtoa katika hesabu ya wanaostahili kupokewa.

Wako wachache nchini Uganda waliolitenda jambo hili hadharani, nao tunaweza kuwataja kwa kuwa wamekubali wenyewe kujulikana. Askofu Christopher Senyonjo aliongoza Dayosisi ya West Buganda ya Kanisa la Uganda tangu mwaka 1974 hadi alipostaafu mwaka 1998. Mwaka 2001 alianza kuwapokea vijana hawa na kuwasikiliza, na kwa ajili hiyo kanisa lake likamnyima ruhusa ya kuhudumu. Mwezi Januari 2011 David Kato, mtetezi wa haki za watu hawa, ambaye alikuwa mwalimu kama sisi, alishambuliwa kwa nyundo nyumbani kwake akafa. Mazishini mhubiri aliwashutumu waombolezaji mbele ya jeneza, na wanakijiji wakakataa kumzika. Rafiki zake walilichukua jeneza wenyewe, na mzee Senyonjo akaongoza sala kaburini.

Profesa Sylvia Tamale wa Chuo Kikuu cha Makerere alitaka mwaka 2003 kwamba tume ya usawa iliyokuwa ikikusudiwa kuundwa isiwaache nje watu hawa. Kwa maneno hayo alitangazwa gazetini kuwa mwanamke mbaya kuliko wote wa mwaka ule. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza Kitivo cha Sheria cha chuo hicho. Na Bunge lilipoujadili mswada wa kupinga ushoga mwezi Machi 2023, Fox Odoi-Oywelowo, mbunge kutoka Tororo, alileta taarifa ya wachache ya kuupinga, kisha akaipinga sheria yenyewe mahakamani.

Watu hawa watatu walithubutu, na ushujaa wao haupingiki. Lakini kila mmoja wao alikuwa na jina, elimu na marafiki wa mbali wa kumwegemeza alipotikiswa. Mama wa chapati hana cha kumwegemeza ila kibanda chake. Wateja wakimsusa kwa mwezi mmoja, kibanda kimekwisha.

Sasa nizijadili hoja za wapinzani, maana makala isiyozisikiliza hugeuka kuwa mahubiri.

Hoja ya kwanza ni ya sheria. Sheria iliyotiwa saini mwezi Mei 2023 imeweka adhabu ya kifungo cha maisha, na kwa makosa iliyoyaita makubwa, kifo. Inaadhibu pia kile inachokiita kuyatangaza mambo hayo. Ilikuwa na vifungu vilivyowataka watu wapeleke taarifa polisi, na vilivyowatisha wenye nyumba za kupangisha. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu hivyo, ikaiacha sehemu kubwa ya sheria kama ilivyokuwa. Kwa hiyo sheria hii haimlazimishi tena jirani kuwa mpelelezi wa jirani yake. Hata hivyo, sipendi kujificha nyuma ya hukumu hiyo. Mama yule alitenda kabla ya sheria hiyo kutungwa, na wema wake haukungoja ruhusa ya mahakama. Iwapo sheria itamkuta mtu akimpa mtoto mwenye njaa sahani ya ugali wa muhogo, na ikamwita mkosaji, basi aibu ni ya sheria.

Hoja ya pili ni ya mila. Husemwa kwamba mambo haya ni ya kigeni, na wanaowatetea vijana hawa wamenunuliwa na wageni. Ajabu ni kwamba kifungu kinachoyaita mambo hayo kinyume cha maumbile kilitoka katika sheria za Waingereza, nasi tumekirithi katika Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1950. Wala sidai kwamba wazee wetu waliyasifu mambo haya. Nadai tu kwamba kumtupa mtoto hakukuwa sifa mbele yao. Walugbara huwapa watoto majina yanayokumbusha yaliyoikuta nyumba walipozaliwa. Drani ni jina la msiba, Candiru ni jina la taabu. Mtoto hulibeba jina hilo maisha yake yote, wala hakuna anayemlaumu kwa msiba ule au taabu ile. Wazee walijua kumtenganisha mtoto na uchungu wa waliomzaa. Sisi tuliosoma ndio tunaoelekea kuusahau ujuzi huo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Husemwa kwamba kumheshimu mlezi ni kuyakubali yote ya anayelelewa, na kwamba vijana wengine wataiga. Kwanza, kumlea mtu si kutia saini chini ya kila jambo lake. Mama yule alimlea kijana bila kumwelewa. Pili, kijana haigi upweke, wala haigi kufukuzwa nyumbani. Lakini nisije nikaonekana kuikwepa hoja yenyewe. Mimi siamini kwamba kijana yule alikuwa na kosa la kusamehewa. Alimwandikia barua mtu aliyempenda. Kosa lilikuwa letu tulioisoma.

Nirudi basi kwenye swali la mwanzo. Methali yetu husema, tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Methali hii huwafundisha wanafunzi unyenyekevu, na ni vema. Lakini tuangalie inasema na nani. Inasema na mtenda wema, humwambia asidai. Haisemi na sisi tuliouona wema huo, wala haitupi ruhusa ya kukaa kimya. Deni la shukrani halifutiki kwa kuwa mdai hajadai.

Ugumu ni kwamba mama yule tukimtaja, tutamwanika kwa maadui zake; na tusipomtaja, tutamdhulumu. Hapa Kiswahili kina neno la kutusaidia, nalo ni stara. Kumsitiri mtu si kumwonea haya, bali ni kumfunika ili asidhurike, kama nguo inavyoufunika mwili ambao hauna aibu yoyote. Mlezi wa vijana hawa amefanya kazi ya kusitiri, na heshima inayolingana na kazi hiyo ni kumsitiri yeye pia. Watu wakimsengenya mbele yetu, tuyakate mazungumzo. Akielemewa na ada au kodi ya nyumba, tumchangie bila daftari la wachangiaji. Akiulizwa ni nani anayelala kwake, tusiwe sisi tuliojibu.

Sisi walimu tuna wajibu mmoja zaidi. Lugha tunayoifundisha yenyewe imepata kudharauliwa katika nchi hii. Ilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya serikali ya kijeshi, na kwa miaka mingi baadaye ikaitwa lugha ya askari na wanyang'anyi. Katiba iliipa nafasi ya lugha rasmi ya pili katika mabadiliko ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima shuleni. Tumeona lugha ikihukumiwa kwa makosa ya baadhi ya waliowahi kuisema. Tungekuwa wa kwanza kuitambua dhuluma ya namna hiyo inapomwangukia mwanafunzi. Kumbe ni katika vyumba vyetu vya walimu ambamo barua zake husomwa na kuchekwa. Kwa hiyo heshima ya kwanza tunayoweza kumpa mlezi ni kumpunguzia kazi, yaani, tusimfukuze mtoto ambaye itambidi yeye ampokee.

Mama yule hajui kwamba nimeandika haya, wala sitamsomea. Kila nipitapo barabara ya Koboko husimama kunywa chai kibandani pake, hata kama nimekunywa nyumbani. Huniuliza habari za shule, nami humweleza. Siku moja nilimwambia kwamba siku ile ya barua nilinyamaza. Aliniangalia kitambo, akanimiminia kikombe cha pili, akasema, "Basi, Mwalimu, safari nyingine usinyamaze."