Mpita Njia na Hukumu Yake

Wahenga walinena kuwa mkaa bure si sawa na mtembea bure. Je, mtembezi wa siku mbili ana haki ya kuihukumu nchi aliyoipita?

Mwaka 1848 Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro; Desborough Cooley, aliyekaa London, akamkanusha. Hapo mtembezi alimshinda mkaaji. Lakini jicho nalo hukosa. Mwanafunzi mgeni asomaye Moshi huondoka Jumamosi kwa basi kwenda pwani ya Pangani. Huiacha migomba na mibuni ya mlimani, akapita nyika ya Same iliyo kavu kama jangwa, akalala penye minazi. Jumapili hurudi na hukumu: watu wa mlimani wana juhudi, wa nyikani wana uvivu, wa pwani wana anasa.

Asichokifuata ni maji. Mvua inyeshayo katika msitu wa Kilimanjaro hugawanywa kwa mifongo ya Wachaga. Masazo yake, pamoja na maji ya Meru, hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakakata nyika kwa jina la mto Pangani, yakapita Korogwe hata baharini. Aliye chini hungoja kilichosazwa na aliye juu. Pengine kilichoitwa uvivu ni kiu.

Basi kusafiri si kosa. Kosa ni haraka ya ulimi. Mpita njia na aseme alichokiona. Hukumu na imngoje aulizaye maji yametoka kwa nani, na yamebaki kwa nani.