Mbio na Wepesi

Mwenye mbio na mwepesi ni watu wawili. Usibishe kwanza, msomaji. Tazama futiboli ya Wamarekani, ile ya kofia ngumu na mpira mfano wa yai. Kule kijana anayetafuta timu hupimwa kwa saa: yadi 40, kama mita 37, njia nyeupe, hakuna wa kumgusa. Mwaka 2017 John Ross alizimaliza kwa sekunde 4.22, rekodi ya wakati ule. Saa ilisema kweli. Lakini msimu wake wa kwanza majeraha yalimwandama, na hakudaka hata pasi moja.

Sasa mtazame mrudisha mpira. Mpira uko hewani, wanaume kumi na mmoja wanamjia kama treni. Mbio tupu zitampeleka kifuani mwa wa kwanza. Lazima auone mwanya kabla haujafunguka, akate kona bila kuzima moto. Februari 4, 2007, Devin Hester wa Chicago aliudaka mpira wa kwanza wa Super Bowl akaurudisha yadi 92, moja kwa moja hadi bao. Mbio alikuwa nazo, tena si mchezo; ila wepesi ndio uliozifungulia njia.

Je, kinachopimika ndicho mtu? Nasema saa hupima mguu, haipimi uamuzi. Kanuni humruhusu mrudishaji kupunga mkono juu, adake, asikimbie. Kujua lini usikimbie nako ni wepesi.

Wahenga waliilaani haraka; wepesi hawakuutaja. Nasi tunaoandika tunahimizana: toa kitabu, toka upesi! Haya, kimbia. Mwanya umeuona?