Mefiboshethi na Magongo ya Mzee Wetu



Tunawasalimu ninyi nyote, hasa familia zilizotoka Rumonge, Nyanza-Lac na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Somo letu ni 2 Samweli 4:4 na sura ya 9 yote. Tunaomba mlisome nyumbani pamoja na watoto.

Habari ya kufa kwa Sauli na Yonathani ilipofika, yaya alimchukua Mefiboshethi, mtoto wa miaka mitano, akakimbia naye. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili.

Wapendwa, jambo hili tunalifahamu. Wazee wetu walikimbia mwaka 1972, pale machafuko yalipoanza Rumonge na Nyanza-Lac mwishoni mwa Aprili, na mauaji makubwa yakafuata nchi nzima. Mwaka 2015 wengine wetu tulifika Kagunga, kijiji kidogo cha ufukoni kisicho na barabara ya gari. Tulilala mchangani, makumi ya maelfu ya watu, na kipindupindu kikaingia. Njia ya kutoka ilikuwa meli ya Liemba mpaka Kigoma, au kupanda vilima kwa miguu. Wako akina mama kati yetu ambao mpaka leo wanajilaumu kwa mtoto aliyeumia njiani. Mama, soma tena mstari ule. Biblia haimlaumu yaya hata kwa neno moja. Alikimbia kwa sababu alitaka mtoto aishi, na mtoto akaishi.

Sasa tuseme habari ya hapa kwetu. Mzee mmoja wa kanisa letu, aliyekuwa mvuvi wa ndagala kule Rumonge, aliteleza kwenye udongo wa mvua akiwa amebeba dumu la maji. Mfupa wa mguu ukavunjika chini ya goti. Akafungwa plasta ngumu, akapewa magongo mawili ya mbao, akaambiwa asikanyagie mguu ule mpaka aruhusiwe.

Mtu aliyezoea kusimama ndani ya mtumbwi usiku kucha, mawimbi yakipiga, alidhani magongo ni kitu cha siku moja. Kumbe ni kazi ya kujifunza. Sisi tuliokuwa tukimtembelea tulijifunza pamoja naye.

Kwanza, alikuwa akijining'iniza kwa makwapa. Baada ya siku chache vidole vikaanza kufa ganzi. Mhudumu wa afya akamweleza kwamba mishipa ya fahamu inapita pale kwapani na haitakiwi kubanwa. Kichwa cha gongo kikae chini ya kwapa kwa nafasi ya vidole viwili au vitatu, kiwiko kikunjwe kidogo, uzito wote ushikwe na viganja. Wapendwa, hapa tuna neno. Kuna kuegemea na kuna kujining'iniza. Msaada tunaoupokea hapa makazini si aibu, lakini tukijilaza juu yake, mikono yetu nayo itakufa ganzi. Anayeegemea vizuri anafanya kazi kwa mikono yake kila hatua.

Pili, njia ya kwetu ni kupanda na kushuka. Ukipanda, mguu mzima unatangulia, kisha mguu mgonjwa na magongo vinafuata. Ukishuka, magongo na mguu mgonjwa vinatangulia, na mguu mzima unabaki nyuma kushikilia mwili usiporomoke. Tazameni, mguu mzima haupumziki popote. Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika waraka wa kwanza sura ya 12, kwamba viungo vinatunzana. Wewe uliye mzima leo, kwenye mlima tangulia uvute, na kwenye mteremko kaa nyuma ushikilie.

Tatu, mpira wa chini ya gongo unaisha. Ukiisha, gongo linateleza hata kwenye sakafu iliyolowa maji kidogo. Vijana wetu walikata kipande cha tairi kuukuu, wakakifunga vizuri. Kazi ya dakika chache, lakini ilimwepusha mzee na anguko jingine.

Lakini tukiri na kosa letu. Jumapili tatu mzee hakuonekana ibadani. Sisi tulimwombea kwa sauti kubwa, tukataja jina lake, tukaenda makwetu. Hakuna aliyeuliza nani anamchotea maji. Tulipofika kwake, tulikuta ameyaficha magongo nyuma ya mlango. Alikuwa amejaribu kwenda msalani bila magongo, akaanguka tena, na hakumwambia mtu. Alitujibu kwamba mtu aliyekuwa akivuta nyavu hawezi kuja mbele ya watoto akichechemea, na kwamba wakati wa kutoa sadaka wote wanapita mbele, yeye atabaki kwenye benchi kama mzigo.

Tulinyamaza. Kwetu Burundi, mgonjwa alipozidiwa, majirani walimbeba kwenye ingobyi, wakipokezana mabegani mpaka kwenye zahanati. Hakuna aliyesema mgonjwa ni mzigo, kwa maana kila mtu alijua zamu yake itafika. Je, ingobyi tuliiacha upande wa pili wa mpaka?

Tangu siku ile tulipanga zamu. Akina mama wawili wanachota maji, vijana wanampitia mzee saa moja kabla ya ibada, watoto wanatangulia kuondoa mawe njiani. Tunatembea kwa mwendo wake. Siku ya kwanza tulichelewa, na ibada ikatusubiri. Kikapu cha sadaka sasa kinamfuata pale alipo.

Turudi kwa Mefiboshethi. Mfalme Daudi alipomwita kutoka Lo-debari, alikuja kwa hofu, akajiita mbwa mfu. Maumivu ya muda mrefu humfundisha mtu kujidharau. Daudi akamrudishia mashamba ya babu yake, akampa nafasi mezani pake siku zote. Lakini someni mstari wa mwisho wa sura ya 9. Baada ya mema yote hayo, Biblia inasema bado alikuwa na kilema miguu yote miwili. Miguu haikupona. Hakuambiwa apone kwanza ndipo aje kula. Alikaribishwa akiwa vile vile.

Mfupa wa mzee wetu, kwa neema ya Mungu, unaunga. Huchukua miezi, na hata plasta ikitolewa, mguu huwa umekonda na lazima ufundishwe tena kidogo kidogo. Wengine wetu tuna mivunjiko isiyoonekana: ndugu waliobaki ziwani, shamba la michikichi ambalo sasa linalimwa na mwingine, usingizi usiokuja. Usitupe gongo lako kabla ya wakati ili watu wakuone shujaa. Yakobo naye alichechemea baada ya Penieli, na Waebrania 11:21 inatuonyesha kwamba hata uzeeni alimwabudu Mungu akiegemea fimbo yake.

Wiki hii, kila nyumba itafute mtu mmoja anayechechemea, kwa mguu au kwa moyo. Usimpelekee maombi tu. Chukua na dumu.

Tuombe: Ee Bwana, wewe unajua tulivyoanguka tukikimbia. Tufundishe kuegemea bila aibu, na kubeba bila kuchoka. Utukalishe mezani pako jinsi tulivyo. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.