JE, "BADO KWANZA" NI JIBU?

Kijana mwenzangu, ukiambiwa utengeneze maisha yako unajibu, "Bado kwanza, nikipata nafasi." Hebu tulia kidogo. Je, wakati wote ni sawasawa?

Wayunani wa kale walikuwa na maneno mawili. Khronos ni wakati unaohesabika: siku, miezi, miaka. Kairos ni majira yanayofaa, ile nafasi yenyewe. Mkulima anajua tofauti hiyo. Mwaka una siku 365, lakini mvua ya kupandia haimngoji mtu!

Karne ya 4 kabla ya Kristo, mchongaji Lysippos aliunda sanamu ya shaba ya Kairos. Alimfanya kijana anayekimbia, ana mabawa miguuni. Mbele ana nywele, kisogoni ana upara. Maana yake nini? Akikujia, unaweza kumkamata nywele. Akishapita, utashika nini? Upara mtupu!

Neno hilohilo limo katika Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kiyunani. Soma Matendo sura ya 24. Mfungwa Paulo anasema mbele ya liwali Feliki juu ya haki, kiasi na hukumu. Feliki anaingiwa na hofu. Anamwambia aende zake kwanza, atamwita akipata kairos. Kumbe kairos ndiyo hiyo imesimama mbele yake!

Je, Feliki alikosa muda? La! Alimwita Paulo mara nyingi, wakaongea. Ila alikuwa anatazamia hongo. Miaka miwili ikapita, akaondoka madarakani na kumwacha Paulo kifungoni.

Angalia vizuri: Feliki hakusema "hapana." Alisema "baadaye." Lakini kwa yule aliyefungwa minyororo, kuna tofauti gani?

Utauliza, "Nitayajuaje majira yangu?" Feliki aliyajua kwa ile hofu. Moyo wako ukishtuka, na jambo la kufanya unalijua kabisa, usitafute majira mengine. Hayo ndiyo.

Yule binti uliyemkana na mimba yake bado yupo. Yule uliyemdhulumu pesa yake bado yupo. Mama yako bado anaangalia njia. Wewe unaona umeahirisha tu; wao wanabeba mzigo kila siku.

Inuka, nenda leo. Na Yesu anayekuita, usimjibu kama Feliki. Mwambie, "Ndiyo, Bwana, sasa hivi."