Chombo kinajibu, lakini hakibebi amana



Shukurani zote njema anastahiki Allah (SW), aliyemuumba mwanadamu, akamtukuza kwa akili na kumpa uwezo wa kujifunza. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka siku ya Kiyama.

Ndugu Waislamu, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari, na siku za Jumanne huendesha darsa baada ya swala ya Magharibi katika msikiti wa mtaani kwetu. Jumanne moja nilirudi nyumbani nimechoka, nimetoka kusahihisha mitihani, na sikuwa nimefungua kitabu hata kimoja. Nikaichukua simu. Nikaiuliza programu moja, miongoni mwa hizi nyingi zinazoitwa akili mnemba, inipatie hadithi kuhusu haki za jirani. Kabla sijamaliza kunywa maji, hadithi tano zilikuwa mbele ya macho yangu, kila moja ina jina la swahaba aliyeipokea, jina la kitabu na namba.

Nne kati ya hizo nilikuwa nazijua. Ya tano ilikuwa mpya kwangu, lakini maneno yake yalikuwa matamu na yakaelezwa kuwa yamo katika Sahihi Bukhari. Nikaenda msikitini, nikazisoma zote tano.

Baada ya Isha alinifuata mzee wetu mmoja, mtu wa miaka mingi katika vitabu. Akaniambia kwa upole, "Ustadh, ile ya mwisho sijapata kuisikia. Imo katika mlango upi?" Nikamjibu, "Nitakuletea, mzee wangu." Nilikuwa na uhakika kabisa.

Usiku ule nikafungua kitabu. Katika namba niliyopewa kulikuwa na hadithi inayohusu jambo jingine kabisa. Nikatafuta katika milango ya adabu, sikuiona. Nikampigia simu mwalimu wangu aliyenisomesha, naye akaniambia haijui. Nikarudi kwa ile programu, nikaiuliza kama ina hakika. Ikaniomba radhi kwa adabu kubwa, kisha ikanipa kitabu kingine na namba nyingine. Nako nikaangalia. Hamna kitu. Hadithi ile sitaitaja hapa, nisije nikaieneza mara ya pili.

Ndugu msomaji, unalijua onyo la Mtume (SAW) kwa mwenye kumzulia uongo kwa makusudi, kwamba ajiandalie makazi yake Motoni. Ni onyo lililopokewa na maswahaba wengi mno. Mimi sikukusudia. Lakini mtu anayekaa katika kiti cha darsa na kusoma kitu asichokihakiki, je, yuko mbali kiasi gani na anayekusudia?

Jumanne iliyofuata nikasimama mbele ya watu nikaeleza yaliyotokea. Baadhi ya vijana walicheka. Mzee hakucheka. Aliniambia, "Mwanangu, umefanya vizuri kukiri mbele ya watu, kwa kuwa ulikosea mbele ya watu. Lakini waliokuwepo wiki iliyopita na leo hawapo, utawapata wapi?" Hapo ndipo kijana mmoja aliposema kwamba alinirekodi siku ile na kuituma sauti yangu kwa jamaa zake, nao wameshaituma kwingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: kwa nini niliiamini? Mimi nimesoma chuo kikuu, na nimefundishwa namna ya kuhakiki hadithi. Mwanafunzi wangu akiniletea hadithi, jambo la kwanza namuuliza ameipata wapi. Kwa nini simu sikuiuliza? Nikaanza kusoma yale ambayo wataalamu wamechunguza juu ya namna watu wanavyoshughulika na kompyuta, nikakuta kwamba ugonjwa wangu una historia.

Mwaka 1966, katika chuo cha MIT kule Marekani, mtaalamu aitwaye Joseph Weizenbaum alichapisha maelezo ya programu aliyoitengeneza na kuiita ELIZA. Iliigiza mazungumzo ya daktari wa maradhi ya nafsi na mgonjwa wake. Haikuwa na akili yoyote. Mtu akiandika habari zake, yenyewe inachukua maneno yale yale, inayageuza na kumrudishia kama swali. Katibu wake, ambaye kwa miezi mingi alimwona akiitengeneza na alijua fika kuwa ni programu tu, alipoanza kuandikiana nayo alimwomba Weizenbaum atoke chumbani ili abaki nayo faragha. Bwana yule alishtuka. Mwaka 1976 akaandika kitabu kizima akieleza kwamba zipo kazi ambazo kompyuta haifai kupewa hata kama itaonekana kuziweza, kwa sababu zinahitaji huruma na hekima ya mwanadamu.

Wakafuata Byron Reeves na Clifford Nass wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliochapisha kitabu chao mwaka 1996. Katika majaribio ya akina Nass, watu walifanya kazi na kompyuta, kisha wakaulizwa ilifanya kazi vizuri kiasi gani. Walioulizwa na kompyuta ile ile waliisifu zaidi kuliko walioulizwa na kompyuta nyingine au kwa karatasi, kana kwamba wanaona haya kuisema vibaya usoni pake. Na ukiwauliza kama wanaionea haya kompyuta, wanakataa. Maana yake ni kwamba mwanadamu ameumbwa kumheshimu anayezungumza naye, na moyo wake haungoji kwanza ujue kama mzungumzaji ni mtu au chuma.

Mwaka 1999 watafiti wengine wa Marekani, Linda Skitka na wenzake, waliwapa watu kazi ya mfano wa kuongoza ndege. Baadhi walipewa chombo cha kuwatahadharisha, ambacho mara nyingi kilikuwa sahihi lakini si mara zote. Chombo kiliponyamaza, watu wengi hawakuona hatari ambayo wasio na chombo waliiona. Na kilipotoa agizo la makosa, wengi walilifuata, ingawa vipimo vingine vilivyo mbele ya macho yao vilionyesha ukweli. Kwa nini nilisoma hadithi nne ninazozijua nikaiamini ya tano? Jibu ni hilo. Chombo kikikusibia mara nne, mara ya tano unafumba macho.

Wala wanaoanguka si walimu wa madrasa peke yao. Mwezi Juni 2023, mahakama moja ya New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliowasilisha hukumu za kesi sita ambazo hazijawahi kuwepo. Walizipata katika programu ya ChatGPT. Wakili mmoja aliiuliza programu ile ile kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamthibitishia kuwa ni za kweli. Yaani alimtaka shahidi ajitolee ushahidi mwenyewe!

Ni vyema tufahamu sababu. Programu hizi zimelishwa maandishi mengi mno, na kazi zilizofunzwa kwanza ni kukisia neno linalofaa kufuata baada ya neno lililotangulia. Mfano wake ni mtoto aliyesikia khutba elfu moja. Ataweza kukutolea khutba yenye sauti ya khutba, yenye aya na hadithi mahali pake, bila kujua ipi ni sahihi na ipi ameibuni. Si kwamba anataka kukudanganya. Kwake kusema kweli na kusema kinachofanana na kweli ni kazi moja. Mara nyingi vitu hivyo viwili hukutana, na ndiyo maana chombo kinatufaa. Vinapoachana, chombo hakibadili hata sauti yake.

Ndugu zangu katika imani, umma huu ulipata dawa ya maradhi haya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Dawa hiyo ni sanad. Wema waliotangulia hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza: umepokea kwa nani, na yeye kwa nani? Alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Walikutana kweli? Abdullah ibn al-Mubarak, aliyefariki mwaka 181 Hijria, aliihesabu sanad kuwa ni sehemu ya dini, kwa sababu bila ya hiyo kila mtu angesema alitakalo. Maimamu wetu walisafiri miezi kufuata hadithi moja. Sisi tunashindwa kunyoosha mkono hadi kabatini.

Na Qur'an imetuwekea misingi. Katika Surat Al-Hujurat (49:6) tumeamrishwa tuchunguze habari inapoletwa na fasiki. Ikiwa habari ya mtu, ambaye angalau anajua uongo ni nini, inachunguzwa, vipi habari ya chombo kisichojua uongo wala ukweli? Katika Surat Al-Israa (17:36) tumekatazwa kufuata tusiyoyajua, na tumeambiwa kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Simu haikutajwa. Ataulizwa mwenye simu.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Allah (SW) anatueleza katika Surat Al-Ahzab (33:72) kwamba amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vikaogopa kuibeba, na mwanadamu akaibeba. Chombo kinaweza kujibu haraka kuliko sheikh, na pengine kwa maneno mazuri kuliko yake. Lakini hakina dhima. Hakiogopi Moto, hakitarajii Pepo, na hakitasimamishwa siku ya hesabu.

Tukumbuke kisa kilichopokewa na Jabir (RA) katika Sunan Abu Daud. Maswahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa jiwe kichwani akajeruhiwa, kisha ikamlazimu kuoga janaba. Akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (SAW) alipopata habari alikasirika, akasema kwamba wamemuua, na akawalaumu kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui, kwani dawa ya ujinga ni kuuliza. Jibu la makosa katika dini linaweza kuua mtu. Wale wenzake walikuwepo wa kulaumiwa, wakajifunza. Leo dada yetu akiambiwa na simu kwamba talaka yake imepita au haikupita, na ikawa makosa, nani atabeba?

Lakini nisingefanya insafu nikiwalaumu waulizaji pekee. Baada ya tukio lile niliwakataza wanafunzi wangu kuiuliza simu masuala ya dini. Binti mmoja akabaki nyuma wenzake walipotoka. Akaniambia, "Ustadh, mambo ya twahara siku moja nilimuuliza mwalimu, akanikaripia mbele ya wavulana. Simu hainikaripii." Sikuwa na jibu. Yule katibu wa Weizenbaum alitaka faragha na mashine, na mabinti zetu nao wanaitaka, kwa sababu sisi tuliokabidhiwa amana tumefunga milango. Chombo kisicho na moyo kimetushinda subira! Hiyo ni aibu yetu walimu, si yao.

Kwa hiyo nini kifanyike? Sisemi kwamba vyombo hivi ni haramu. Mimi bado navitumia kupanga maswali ya mitihani na kutafuta maana ya neno la Kiarabu kabla ya kulihakiki katika kamusi. Nasema tuviweke mahali pake.

Kwanza, kila kinachonasibishwa na Allah (SW) au Mtume wake (SAW) kisisomwe wala kutumwa kwa mtu mpaka kionekane kitabuni, au kithibitishwe na mwenye elimu anayejulikana kwa jina lake. Usiiulize programu kama imesema kweli. Fungua kitabu.

Pili, masuala ya talaka, eda na mirathi yapelekwe kwa wanachuoni, kama tulivyoamrishwa kuwauliza wenye elimu katika Surat An-Nahl (16:43). Sheikh atakuuliza nawe: ulisema neno gani, ulikuwa katika hali gani, nani alikuwepo. Na akishindwa atakwambia hajui. Neno hilo "sijui" ni nusu ya elimu, na vyombo hivi mara nyingi hulisahau.

Tatu, sisi walimu na maimamu tufungue milango. Tutenge saa za kuulizwa, na wawepo walimu wa kike kwa ajili ya dada zetu. Shuleni kwetu tumeanza. Kila Alhamisi mwalimu wa kike anakaa peke yake darasani na wanafunzi wa kike wanaingia mmoja mmoja. Wiki ya kwanza walikuja wawili. Sasa wanapanga foleni.

Na ile sauti yangu bado inazunguka katika simu za watu nisiowajua. Nimemrekodia kijana yule masahihisho na kumwomba ayatume kote alikoituma ya kwanza. Najua hayatafika kote. Ndiyo maana nimeandika haya. Ukiipata sauti ya darsa juu ya haki za jirani yenye hadithi tano, hadithi ya tano iache, na mwambie aliyekutumia.

Namuomba Allah (SW) anisamehe, atujaalie tuwe wenye kuhakiki kabla ya kusema, na atupe walimu wenye elimu na upole. Amin.

Wabillahi tawfiq.