Kabla Njaa Haijasema

Neno la wiki: Mwanzo 25:29–34



Nje ya geti la usharika wetu, upande wa kituo cha daladala, pana banda la chipsi. Mnalijua, maana wengi wenu mnasimama pale baada ya mazoezi ya kwaya. Mimi pia husimama. Alhamisi moja nilitoka kwenye kikao cha baraza la wazee saa 2 usiku. Tangu chai ya asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni, isipokuwa soda tatu nilizokaribishwa katika nyumba tatu nilizozitembelea. Kijana wa banda aliniona kwa mbali, akachukua mayai mawili kwenye trei.

"Shikamoo Mchungaji. Zege, kama kawaida?"

"Marahaba. Kama kawaida."

Nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi nikisikiliza mafuta yakichacharika, ndipo nikajiuliza: hiyo kawaida niliichagua lini? Siikumbuki siku niliyotulia nikaamua kwamba chakula changu cha jioni kiwe chipsi mayai na soda baridi ya kuteremshia. Ilianza na njaa ya Jumanne, ikaja ya Alhamisi, ikaja ya siku ya mvua na foleni, mpaka kijana yule akanifahamu zaidi kwa oda yangu kuliko kwa mahubiri yangu. Sikuchagua mimi. Njaa ilinichagulia, nami nikaizoea sauti yake nikadhani ni yangu.

Usiku ule nilimkumbuka Esau.

Habari yake tumeifundisha tangu Shule ya Jumapili. Esau anatoka nyikani amechoka hoi, anamkuta mdogo wake Yakobo amebandika chungu. Anaomba apewe kile chekundu kinachochemka, hata jina la chakula halitaji. Yakobo anamwambia amuuzie kwanza haki ya uzaliwa wa kwanza. Esau anajibu kwamba yuko karibu kufa, haki hiyo itamfaa nini? Anaapa, anauza, anakula.

Mara nyingi tumemhubiri Esau kama mlafi. Mtazameni vizuri. Chakula chenyewe kilikuwa mkate na dengu, chakula ambacho hata daktari wa leo angekisifu. Kosa halikuwamo chunguni. Kosa lilikuwa katika saa ya kuamua: mtu amepewa jambo kubwa la kuamua wakati tumbo ndilo linaloongea. Tena hakuwa anakufa. Mtu anayekufa kwa njaa hafiki nyumbani kwa miguu yake na kujibizana bei. Njaa ilimwambia anakufa, akaiamini. Baada ya kula na kunywa aliinuka akaenda zake, na mistari hii haituambii kwamba alitazama nyuma.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Nilidhani methali hii inamtetea mwenye njaa, kwamba tusimhukumu. Ni kweli inamtetea. Lakini inatuonya pia: mwiko wako, ule uliojiwekea ukiwa umeshiba na akili imetulia, njaa haiujui. Ukitaka mwiko wako uishi, usiupeleke mbele ya karai la mafuta saa 2 usiku ukiwa hujala tangu asubuhi.

Na tusimsahau Yakobo. Yeye alijua saa ya kutaja bei. Biashara nyingi za chakula mjini zinajua saa hiyo pia. Harufu ya kitunguu inaachiwa ielekee kituoni. Picha ya kuku wa kukaanga inawekwa pale magari yanaposimama kwenye taa. Unaambiwa ukiongeza kidogo tu utapata chipsi za sahani kubwa na soda juu yake. Hakuna aliyekulazimisha. Amekungoja tu saa uliyochoka.

Bei tunayolipa haionekani usiku uleule. Mimi huiona wodini ninapokwenda kuombea wagonjwa: mguu wenye kidonda kisichopona, mdomo uliopinda upande mmoja baada ya kiharusi. Sisemi kila mgonjwa ameyataka mwenyewe. Magonjwa haya yana sababu nyingi, na nyingine tumezaliwa nazo. Lakini utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini mwetu mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takribani mtu 1 kati ya 4 ana shinikizo la juu la damu, na takribani 1 kati ya 11 ana kisukari. Hesabuni watu wa benchi mlilokaa kanisani, kisha mnyamaze kidogo.

Rudini kwenye zile soda zangu tatu. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya takribani gramu 35, yaani vijiko vinane au tisa vya chai. Chupa tatu zinapita gramu 100. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takribani gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Chumvi nayo isifike gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha ya mboga, ya mkate na ile inayonyunyizwa juu ya chipsi. Kwa hiyo nilipofika bandani nilikuwa nimeshanywa sukari inayopita mara mbili ya kiwango cha siku, tena nikiwa na njaa. Wapendwa, mchungaji akija kwenu, mpeni maji. Hamtakuwa mmepungukiwa na ukarimu.

Sasa najua baadhi yenu mnasema moyoni: Mchungaji ana mke na jiko, anaweza kusema. Yupo dada yetu anayetoka Mbagala kabla ya kupambazuka na kurudi saa 3 usiku, chumba kimoja cha kupanga, hana pa kupikia ila kwenye korido pamoja na wapangaji wenzake, na mkaa haushikiki. Kwake banda la chipsi si anasa. Ndilo jiko lake.

Dada huyo asome 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa amechoka kiasi cha kuomba afe. Mungu hakumtumia mahubiri. Alimtumia malaika mwenye mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Eliya akala, akalala, akaamshwa akala tena, maana safari ilikuwa ndefu. Nacho kilikuwa chakula cha haraka, cha mtu aliye njiani. Mungu anamjua mtu aliyechoka na anamlisha kwanza. Mazungumzo yalikuja baadaye. Kwa hiyo sitawaambia acheni chipsi. Viazi ni uumbaji wa Mungu, mayai vilevile, na kijana wa banda analisha mdogo wake kwa kazi ile. Ninachowaomba ni kwamba uamuzi uwe wenu.

Danieli anatusaidia hapo. Alikataa vyakula vya mfalme kwa sababu ya ibada, wala hakuwa akitafuta kupunguza uzito. Lakini angalieni alivyofanya. Aliweka azimio moyoni mapema, akamwendea msimamizi kwa adabu, akaomba majaribio ya siku 10 tu. Esau aliamua baada ya kunusa chungu. Danieli aliamua kabla ya sahani kufika.

Tuamue basi sasa, tukiwa hatuna njaa.

La kwanza, usifike bandani na njaa ya kufa. Ndizi mbivu mbili au karanga za mkononi saa 11 jioni, ukiwa bado kazini au ndani ya daladala, zitakufanya ufike kituoni ukiwa mtu mwenye miiko yake. Ndiyo dawa rahisi kuliko zote ninazozijua.

La pili, chakula cha haraka si chipsi peke yake. Mama ntilie anakupakulia wali, maharage na mchicha kwa muda uleule, na mara nyingi kwa bei ndogo zaidi. Muhogo wa kuchoma, mahindi ya kuchoma na ndizi za kuchoma vyote ni vya haraka, navyo havikuzama kwenye mafuta. Asubuhi, ukinywa supu, engua mafuta yanayoelea juu, na chapati iwe moja.

La tatu, ukitaka chipsi, kula chipsi, ila omba nusu sahani. Iliyobaki ijazwe kachumbari, na kachumbari iliwe kwanza. Chagua mishikaki au kuku wa kuchoma badala ya soseji. Mwambie kijana aache chipsi zichuje mafuta vizuri, na chumvi utajitilia mwenyewe. Ile sosi nyekundu ina sukari na chumvi ndani yake. Dondosha kidogo, usioshee sahani. Kunywa maji. Kisha kaa ule. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuupa ubongo habari kwamba limetosheka, na anayekula amesimama, jicho likiwa kwenye daladala, huimaliza sahani kabla habari hazijafika.

La nne, tazama mafuta. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huwa meusi na mazito, yanatoa povu, yanafuka moshi haraka. Na viazi vikitiwa kwenye mafuta ambayo hayajapata moto vizuri, vinayanyonya. Habari ya mafuta niliiuliza wiki iliyofuata Alhamisi ile. Nilimwuliza kijana wetu mafuta anayabadilisha kila baada ya siku ngapi. Alicheka kwa aibu.

"Mchungaji, kusema ukweli hakuna anayeuliza. Mteja mwenye njaa haulizi kitu."

Nililichukua neno hilo kama nililohubiriwa. Kumbe hata muuzaji angetenda vizuri zaidi kama tungemwendea tukiwa na sauti. Akiuliza mmoja wetu, muuzaji ataona ni usumbufu. Ikiuliza kwaya nzima, atabadilisha mafuta, kwa sababu itamlipa kufanya hivyo. Kumpenda jirani ni pamoja na kumsaidia afanye biashara yake vizuri, na kumlipa bei inayomwezesha.

Na sisi wa kanisa tujitazame. Kila Jumapili baada ya ibada tunapiga mnada wa sadaka za mazao: mapapai, mchicha, maboga, mayai ya kienyeji. Tunashindana bei kwa furaha ya Bwana. Kisha tunaingia ukumbini kwenye kikao tukiwa na mandazi na kreti la soda. Nimewaomba wazee, na wamekubali, kwamba kuanzia Jumapili hii papai moja la mnada litanunuliwa na usharika na kukatwa kwa ajili ya kikao. Ni jambo dogo. Lakini ni azimio lililowekwa kabla sahani haijafika.

Alhamisi iliyopita nilipita tena bandani. Nilikuwa nimekula ndizi mbili ofisini. Kijana alishanyoosha mkono kwenye trei ya mayai.

"Kama kawaida?"

"Leo nipe mishikaki miwili, chipsi nusu na kachumbari nyingi. Na maji."

Akaniangalia, akarudisha mayai kwenye trei. "Leo Mchungaji hujaja na njaa," akasema.

Nikachungulia karai. Mafuta yalikuwa ya rangi ya asali.

Zoezi la wiki: Mara moja tu wiki hii, amua asubuhi utakachokula jioni. Kiandike au kimwambie mwenzako. Usiku jiulize kama uliyeamua asubuhi ndiye aliyekula jioni. Kama siye, usijihukumu. Jaribu tena kesho, ukiwa na ndizi mfukoni.

Tuombe: Baba, unajua tunavyorudi nyumbani jioni. Unajua tulivyochoka na kilichobaki mfukoni. Asante kwa wanaotupikia barabarani. Wabariki mikono yao na mitaji yao. Utupe kuamua tukiwa na akili zilizotulia, na tumbo linapopaza sauti utukumbushe tulichoamua. Uwaponye walio wodini. Na miili hii uliyotupa tukutumikie nayo muda mrefu. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.