Swali la Kwetu ni Wapi

Tukiulizwa kwetu ni wapi, wengi wetu hutaja walikozaliwa baba na babu, au tulikowazika wazee wetu. Jibu hilo lina uzito. Lakini mtu anaweza kuzaliwa mahali, akazeeka hapo hapo, na bado wenzake wakamwambia hapa si kwenu. Max Liebermann, mchoraji Mjerumani wa Kiyahudi, alizaliwa Berlin mwaka 1847 na kufia Berlin mwaka 1935. Katika miaka yake miwili ya mwisho, watawala wa nchi yake walimhesabu mgeni.

Mwaka 1909 alinunua kiwanja kando ya ziwa la Wannsee, akajenga nyumba ya kukaa majira ya joto. Bustani aliipanga kwa kushauriana na rafiki yake Alfred Lichtwark, mkurugenzi wa jumba la sanaa la Hamburg. Upande wa barabarani mboga zilipandwa pamoja na maua, kabichi zikiwa mbele ya macho ya kila aingiaye. Upande wa ziwani kulikuwa na uwanja wa nyasi, na pembeni yake njia iliyopita kwenye mibetula, ile miti yenye gome jeupe. Mibetula haikukatwa ili kupisha njia. Iliachwa isimame katikati ya njia, na mwenye kupita aizunguke. Naupenda sana uamuzi huo. Mwenye hati ya kiwanja alikubali kwamba kulikuwa na waliomtangulia.

Kwa miaka mingi alizoea kwenda kuchora Uholanzi majira ya joto. Vita vya 1914 vikaikata safari hiyo, akabaki na bustani. Aliichora katika zaidi ya picha 200 za rangi ya mafuta, mbali na michoro ya chaki: benchi lile lile, mibetula ile ile, kabichi zile zile.

Kwa nini mtu achore benchi moja mwaka baada ya mwaka? Nadhani ni kwa sababu macho ya kila siku hayaoni, hutambua tu. Tunapita kwenye mlango wetu tukijua upo, na hilo linatutosha. Anayeshika brashi halimtoshi. Lazima aulize kivuli cha mti kwenye mchanga kina rangi gani saa hii, na bustani humjibu kwa kumkatalia: si kahawia kama ulivyodhani, ni buluu, na sasa hivi jua limesogea. Katika kukataliwa huko mna faraja ambayo starehe haina. Kitu kilichoko nje yako, kisichokuhitaji ili kiwepo, kinaitika umakini wako. Hakikusifu wala hakikuulizi dini ya wazazi wako. Kadiri unavyokishughulikia ndivyo unavyozidi kuwa mwenyeji wake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kipimo hicho, uenyeji huja kwa kazi, na hapo mtu ana haki ya kuuliza: jembe la Wannsee alilishika nani? Alilishika mtunza bustani wa kuajiriwa, na Liebermann alikuwa tajiri. Sioni njia ya kulikwepa jambo hili. Ninachoweza kusema ni kwamba kutazama kwa miaka mingi nako ni kazi, na kwamba bustani moja inaweza kuwa kwao watu wawili bila mmoja kumpunguzia mwenzake. Ardhi ikigawanywa, kila fungu hupungua. Mapenzi ya mahali hayagawanyiki hivyo.

Lakini faraja si kinga. Mwaka 1933, walipoingia madarakani watawala wale waliomhesabu mgeni, Liebermann alijiuzulu katika Chuo cha Sanaa cha Prussia, alichokuwa amekiongoza kwa zaidi ya miaka kumi. Alipofariki alimwacha mkewe, Martha. Mwaka 1940 Martha alilazimishwa kuiuza nyumba ya Wannsee. Machi 1943, alipokuwa karibu kupelekwa kambini, alikunywa dawa za usingizi hadi zikamuua.

Baada ya habari hizo, kuna atakayesema kwamba ile miaka ya kuchora maua ilikuwa kujidanganya. Siafiki. Waliomnyang'anya Martha nyumba walichukua kile ambacho sheria inaweza kukihamisha. Uenyeji wa Liebermann kwa mibetula ile ulikuwa kweli tayari, na unyang'anyi uliokuja baadaye hauwezi kuufanya uongo. Kama ungekuwa uongo, basi tungekuwa tunawapa wanyang'anyi mamlaka juu ya yaliyopita pia.

Nyumba ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2006. Waliokuwa wakiirudisha bustani katika hali yake walihitaji kujua nini kilipandwa wapi, na pamoja na picha za kamera za zamani walizitazama zile za Liebermann. Kabichi zimepandwa tena upande wa barabarani. Hilo halimfidii Martha chochote, na sitaki lisomwe hivyo. Linaonyesha tu kwamba mwenyeji wa mahali pale alikuwa amepajua kwa undani kiasi cha kuweza kuwaelekeza wengine, hata baada ya hati kupita mikononi mwa watu wasiopajua kabisa.